Kantata ya Bach BWV 4: tuni iko wapi katika ubeti wa nne?

Swali: Kwaya yetu inajifunza kantata ya Bach (utungo wa waimbaji na ala), Christ lag in Todes Banden, yaani BWV 4, namba yake katika orodha ya kazi za Bach. Ubeti wa kwanza tumeumudu, ila wa nne unatuvuruga. Soprano wanalalamika kwamba tuni ya wimbo wa Martin Luther, ambao kantata imejengwa juu yake, haisikiki, kila sauti inakimbia na lake. Je, naweza kuwapa soprano tuni, alto wakaimba sehemu ya soprano?

Jibu: Mwalimu, nakusihi usizibadilishe sauti hizo. Tuni ipo, na wenye kuibeba ni alto. Wanaiimba kwa nota ndefu, huku soprano, tena (sauti ya juu ya wanaume) na besi wakifukuzana kwa nota fupi juu na chini yao. Katika ubeti wa kwanza soprano ndio wenye tuni, na vinanda vya nyuzi viko nao. Katika wa nne violini na viola zimenyamaza, imebaki kontinuo peke yake, yaani ala za besi na kinanda, ndiyo maana waimbaji wako wanajiona wametupwa.

Maneno yenyewe ndiyo yanayodai vurugu hiyo. Luther, mwaka 1524, aliandika habari za vita vya ajabu kati ya mauti na uzima. Angalia mstari usemao kwamba mauti moja iliimeza nyingine: kwenye neno fraß, yaani ilikula, sauti zinaingia kwa kukaribiana mno, moja ikimkanyaga mwenzake visigino, kisha zinatoweka moja baada ya nyingine. Zimelana kweli! Ukimpa soprano tuni, itaelea juu ya mapigano badala ya kuwa katikati yake, na mpango wote wa Bach utavunjika.

Sasa mazoezi. Anza na alto peke yao, waimbe ubeti mzima mpaka wausimamishe bila kinanda. Wazoeze hasa mwanzo wa tuni. Kwa solfa ni mi–ri–mi (ri ni re iliyopandishwa nusu sauti): inashuka nusu sauti, inarudi. Katika tuni ya zamani hatua hiyo ilikuwa sauti nzima. Bach ameibana, na ubano huo ndio uchungu wa kantata yote. Utaukuta tangu sinfonia ya mwanzo, yaani muziki wa ala tupu, na tena katika ubeti wa pili soprano na alto wanapopokezana neno Tod, mauti. Kwaya ikishaizoea nusu sauti hiyo, masikio yataifuata tuni popote ilipo.

Halafu ongeza besi, kisha wale wa tena, soprano wawe wa mwisho. Hawa watatu waimbe kwa sauti nyepesi, wakitamka konsonanti kwa ukali, kwa sababu nota zao ni fupi na ujumbe wao uko kwenye maneno. Wakiimba kwa nguvu, alto watazama. Kama alto wako ni wachache, waongezee waimbaji wawili watatu wa tena wenye sauti ya juu. Hilo halina ubaya hata kidogo.

Usikimbize mwendo. Nota fupi za ubeti huu zinavutia kwaya kwenda mbio, na alto wenye nota ndefu ndio wanaokosa pumzi. Pima mwendo kwa pumzi za alto, na uwapangie mapema mahali pa kuvuta hewa, kila mwisho wa mstari wa tenzi.