Maswali na majibu: "Get" na kazi zake

"Get" ni kupata. Mbona "I got an accident" ni kosa?

Kwa sababu kupata kwetu kunabeba hata balaa. Kiingereza husema "I had an accident". Vilevile "nilimpata nyumbani" ni "I found him at home". Tumia "get" kwa kinachokufikia: barua, kazi, mshahara, alama za mtihani. Mafua nayo yanaruhusiwa: "I got the flu".

Na "get tired", "get dark"? Hapo kunapatikana nini?

Hakuna. Ikifuatwa na kivumishi, "get" huonyesha hali inabadilika. "I am tired": nimechoka. "I am getting tired": naanza kuchoka. Kiswahili kinamaliza kazi hiyo ndani ya kitenzi chenyewe, kwa hiyo usihangaike kutafuta neno la kuiwakilisha. Ndoa ni vivyo hivyo: "she is married" ni hali, "she got married" ni tukio. Anayeolewa naye huja baada ya "to", kamwe si "with", ingawa sisi tunasema kuoana na mtu.

"Get to home" au "get home"?

"Get home". "Here" na "there" nazo hazitaki "to". Kwingine iweke: "get to school", "get to the airport".

"I got my brother to fix the phone" na "I got the phone fixed" zinatofautianaje?

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Ya kwanza inamtaja mtendaji, kisha "to", kisha kitenzi. Ndani yake mna kubembeleza kidogo. Ya pili inatanguliza kitu na kumalizia na umbo la tatu la kitenzi (lile la "break, broke, broken"); aliyetengeneza hatajwi. Makosa ni mawili. La kwanza ni kuangusha "to", "I got him fix it", kwa kuiga "I made him fix it". "Make" haina "to" na maana yake ni kulazimisha. La pili ni kugeuza mpangilio: "I got fixed the phone". Angalia pia kwamba muundo wa pili si wa kuagiza kazi tu: "I got my finger caught in the door" ni kubanwa kidole na mlango, na hakuna uliyemwagiza.

"Got" au "gotten"?

Uingereza hutumia "got". Marekani hutumia zote, na hazibadilishani: "I've got a car" ni ninalo gari, "I've gotten a car" ni nimepata gari. Kwa maana ya lazima ni "I've got to go" pande zote mbili.

Kwenye barua rasmi?

Weka "receive", "obtain" au "become" panapofaa. "Get married" iache ilivyo.