Maswali na Majibu: Mahati Ipi Inafaa, na Utaijuaje Kuwa Ni Nzima?

Mahati ni kifaa cha seremala cha kukwaruza mstari ulio sambamba na ukingo wa ubao. Ina ufito wenye ncha ya kuchora (sindano, kisu au kisahani chenye ukingo mkali), na kichwa kinachoteleza juu ya ufito, hukazwa kwa skrubu na kuegemezwa kwenye ukingo wa ubao.

Nina uwezo wa kununua mahati moja tu. Nichukue ya sindano, ya kisu au ya kisahani?

Inategemea mistari yako mingi inakwenda upande gani wa nyuzi za mbao. Sindano ni nzuri ikifuata nyuzi: kuonyesha unene kabla ya kupiga randa, upana wa ubao, mashavu ya ulimi (pande pana za ncha ya ubao inayoingia kwenye tundu la kiungo). Ikizikata kwa upana huzichana, na patasi haipati mfereji safi wa kukaa. Kisu na kisahani hukata nyuzi, ndiyo maana mstari unaoonyesha mwisho wa mkato wa viungo vya mkia wa njiwa (vyenye meno yaliyotanuka nchani) hupigwa nazo. Wa mahati moja achukue ya kisahani. Kasoro yake ni mstari mwembamba mno usioonekana kwenye mbao ambayo haijapigwa randa. Pitisha penseli ngumu iliyochongwa vizuri ndani ya mfereji.

Nikiwa dukani nikague nini?

Anza na kukaza. Weka kichwa katikati ya ufito, kaza skrubu kwa vidole viwili, kisha ukisukume kichwa kwa vidole gumba. Kikiteleza, iache hapohapo.

Jaribio la pili wengi hulisahau. Kichwa kinaweza kushika imara na bado kikahama *wakati* wa kukazwa. Gusisha kisu au sindano kwenye alama ya rula, kaza taratibu huku unatazama. Kikihama, kila kipimo utakachoweka kitakuwa cha kubahatisha. Mara nyingi sababu iko chini ya skrubu. Skrubu inayogusa ufito wa mbao moja kwa moja huacha vidonda, na ukiikaza karibu na kidonda cha zamani huteremkia humo na kukivuta kichwa. Tafuta yenye kipande cha shaba kati ya skrubu na ufito, au ile inayokazwa kwa kabari.

Kichwa kucheza kabla ya kukazwa hakuna neno. Ubovu ni kucheza baada ya kukazwa. Ya mbao unaweza kuitengeneza kwa kubandika karatasi ngumu ndani ya tundu la kichwa, kwenye ukuta ulio na nafasi.

Halafu elekeza uso wa kichwa kwenye mwanga na uuwekee guniya (kifaa cha kupimia pembe mraba). Uso uliotuna huyumba ukingoni na mstari huyumba nao. Mapambo ya shaba usoni hupunguza kulika, lakini hayanyooshi kichwa kilichotengenezwa ovyo.

Ukifika kwenye meza yako, piga mstari uleule mara 10 kwa wepesi kwenye ubao laini. Ikibaki alama moja, umepata mahati. Zikijitokeza mbili, kuna kinachocheza: kichwa, sindano au mkono.

Mahati yangu ya kisahani haizunguki hata kidogo. Ni mbovu?

Hapana. Kile ni kisu cha mviringo, na kinatakiwa kukazwa kabisa. Kikilegea hutangatanga na nyuzi. Faida ya umviringo ni kwamba sehemu moja ikiwa butu unalegeza skrubu, unakizungusha kidogo na kukaza tena. Ukingo wote ukichoka, laza upande bapa kwenye jiwe laini la kunolea na ukizungushe, mshazari (upande ulioinama kuelekea makali) usiuguse.

Hakikisha pia kimefungwa sawa: mshazari uelekee kwenye kichwa, upande bapa utazame nje. Mbao husukuma mshazari, na msukumo huo hukivuta kichwa kibane ukingo. Ukikigeuza, kichwa kitakuwa kinajaribu kujitenga na ubao muda wote.

Sindano yangu inafuata nyuzi na mstari unapinda. Nifanyeje?

Unakandamiza mno pito la kwanza. La kwanza liwe la kugusa tu, la pili na la tatu ndiyo yaongeze kina. Inamisha ufito ili sindano iburutwe nyuma, isisimame wima. Sindano ikitokeza zaidi ya milimita 2, ipunguze.

Kisha tazama umbo lake. Nyingi huja zikiwa duara kama msumari, na hizo huchana. Chukua tupa laini, fanya upande ulio mbali na kichwa uwe bapa na ule unaotazama kichwa uwe na mviringo kidogo. Hapo inakata kama kisu kidogo na kukibana kichwa ukingoni. Chagua pia mwendo: anzia ncha ambayo, ukisonga mbele, nyuzi zinaivuta sindano mbali na ukingo.

Mahati ya sindano mbili, ile ya kupiga mistari miwili ya tundu au ulimi kwa pamoja, haikubaliani na patasi yangu. Tundu linatoka pana kuliko ulimi.

Ulipima kwa rula. Patasi ya milimita 10 si lazima iwe 10 kamili, kwa hiyo weka makali yake katikati ya ncha mbili za sindano na ukaze hapo. Zote mbili ziguse ubao sawasawa. Moja ikiwa fupi, itie tupa iliyo ndefu. Tundu na ulimi vipigwe kwa kuegemeza kichwa kwenye uso uliouweka alama wa kila ubao. Ukigeuza upande katikati ya kazi, tofauti yoyote ya unene itaingia kwenye kiungo.

Namba zilizochorwa kwenye ufito zinaaminika?

Kwa kukadiria tu. Sindano ikilika au ikinolewa, sifuri imehama. Pima kutoka uso wa kichwa hadi ncha, kaza nusu, kisha gonga ufito mezani: ukigonga ncha yenye sindano kipimo hupungua, ukigonga nyingine huongezeka. Kaza, na usiulegeze mpaka kiungo cha mwisho cha kazi hiyo kiwe kimekatwa.