Naogopa urefu, Caminito del Rey nitaiweza kweli?

SWALI: Shikamoo dada. Mume wangu na wifi yangu wanataka twende Caminito del Rey kule Uhispania, ile njia ya mbao iliyobandikwa kwenye ukuta wa korongo, na mimi urefu siuwezi kabisa, hata dirisha la ghorofani sichungulii. Wao wanasema ni fupi tu nijikaze. Je nikishindwa katikati naweza kurudi? Na kijana wetu wa miaka 7 tunaweza kwenda nae? – Mama Nasra

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na la mtoto manake halina mjadala: chini ya miaka 8 haruhusiwi, na pale mlangoni wanaweza kudai kitambulisho, kwahiyo msiende mkitegemea huruma ya mlinzi, mtafute kabisa wa kubaki nae.

Haya, la kurudi. Njia ile inaenda upande mmoja tu, mnaingilia kaskazini upande wa Ardales mnatokea kusini kule El Chorro, na ile sehemu ya mbao upana wake ni kama mita moja hivi huku watu wanakuja nyuma yako. Kwahiyo ukifika mbali alafu ukaganda, mara nyingi njia rahisi ni kusonga mbele. Uamuzi ufanye mapema, na bahati nzuri njia yenyewe inakusaidia. Yote ni kama kilomita 7.7 ila ya kuning'inia ni kama 2.9 tu, nayo haijaungana: mnaanza na korongo la kwanza, alafu mnashuka kwenye bonde mnatembea ardhini kama kawaida, miti ipo, mnapumzika, ndo mnaingia korongo la Gaitanes lenyewe. Sasa sikiliza vizuri, ile ya kwanza ndo mtihani wako. Kama pale miguu inatetemeka mpaka machozi yanakutoka basi sema palepale, usisubiri, manake mbele ni zaidi na daraja la kuning'inia liko karibu na mwisho, zaidi ya mita 100 juu ya mto, upepo ukipita unalisikia linacheza miguuni, na ukishavuka bado kuna mbao na ngazi ukutani.

Ila hofu nyingine nakuomba uitoe, ile inayotokana na video za zamani za watu wanapita kwenye saruji iliyobomoka. Hiyo ni njia ya kale, ilijengwa mwaka 1901 mpaka 1905 kwa ajili ya wafanyakazi wa umeme wa maji, Mfalme Alfonso XIII akaipita 1921 ndo ikapata jina lake, maana yake kijia cha mfalme, baadae ikachakaa, watu wakaanguka wakafa mwaka 1999 na 2000 ikafungwa. Ya sasa ilifunguliwa Machi 2015, ni mbao mpya juu ya vyuma vilivyozamishwa kwenye mwamba, pembeni waya, na kila mtu anavaa helmeti. Ya zamani bado utaiona chini yako sehemu nyingi, mashimo yake, vyuma vimechomoza hewani na mto uko huko chini kabisa, na hapo ndo waoga wengi wanaishiwa nguvu kwasababu jicho linakwenda lenyewe. Kwahiyo tembea upande wa mwamba, kiganja kiguse jiwe, macho yaangalie mbao hatua kadhaa mbele sio katikati ya nyayo zako. Pumua polepole. Kibaraza cha kioo kipo, kipite tu hakuna anayekulazimisha.

Viatu vya kufunga, sio ndala. Siku ya upepo mkali au mvua wanaweza kufunga, tena ghafla, kwahiyo msipange safari nzima kwa siku moja tu. Na kwavile hamrudi mlikotoka kuna basi linalounganisha pande mbili, gari liacheni upande mmoja.

Kuhusu hilo la "jikaze", hapana, mimi silipendi kabisa, hofu ya urefu haiondoki kwa kusukumwa, mtu akisukumwa anaganda zaidi. Mumeo atangulie mbele yako uangalie mgongo wake, aende mwendo wako wewe, na wifi darajani aache nafasi nyuma yako, atembee taratibu, picha apige akishavuka.