Baba mdogo ana presha lakini anasema "hiyo si yangu": uanzie wapi?

Ndugu mleta mada, nimekuelewa. Baba mdogo wako anavua dagaa Kibirizi, Kigoma, amepimwa siku mbili tofauti akakutwa na 168/102 na 164/100, kapewa dawa, na dawa ziko kabatini. Sababu zake: hajisikii chochote, halafu "presha ni ya wanene na wenye mawazo". Unauliza umwelimishe vipi. Kwa maoni yangu usianze na elimu. Kwamba presha inaua anajua kama wewe. Kinachogoma kuingia ni kwamba imemfikia yeye.

Hali hii ina utafiti wa miaka mingi. Mwaka 1980 mwanasaikolojia wa Marekani, Neil Weinstein, aliwataka wanafunzi wa chuo wajilinganishe na wenzao wa chuo hicho hicho: wewe una uwezekano gani wa kupatwa na jambo hili au lile? Kwa mambo mema walijiona mbele ya wenzao, kwa mabaya walijiona salama zaidi. Mmoja mmoja anaweza kuwa sahihi, maana kweli wapo wenye hatari ndogo. Ila kundi zima haliwezi kuwa salama kuliko wastani wa kundi hilo hilo. Kwa hiyo ukimwambia mtu mmoja "unajidanganya", atakuuliza umejuaje, na hutakuwa na jibu. Kwa baba mdogo jibu unalo, kwa sababu vipimo ni vyake mwenyewe.

Katika kazi zilizofuata Weinstein alionyesha ni maradhi gani yanayovuta zaidi fikra hii: yale ambayo mtu hajawahi kuyaugua, yale anayoamini anaweza kuyakwepa kwa juhudi zake, na yale anayodhani yangekuwa ya kumpata yangekwisha kujitokeza. Hapo la mwisho ndipo presha inapowanasa watu, kwa kuwa haiumi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu 44% ya watu wazima wenye presha hawajui kama wanayo. Malaria hapa kwetu kila mtu anaijua kwa mwili wake, homa na baridi, hakuna wa kusema hajawahi kuisikia. Presha haimpi mtu kumbukumbu ya namna hiyo, basi anaazima sura: mzee wa mjini, kitambi, gari, madeni. Mvuvi mwembamba mwenye mikono ya kuvuta nyavu akijitazama, sura hiyo haioni.

Kosa kubwa la ndugu wengi ni kumtajia jirani aliyepooza. Mwaka 1995 Weinstein na William Klein walijaribu njia kadhaa za kuwapunguzia watu fikra hii ya "mimi haitanipata". Njia hizo hazikufua dafu, na kumlinganisha mtu na mfano wa mwenye hatari kubwa kulielekea kuongeza tatizo. Ndivyo inavyokuwa hata barazani: ukimtaja jirani, papo hapo anatafuta tofauti. "Yule alikuwa mnywaji." Umempa ngazi ya kupandia.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta mashine ya kupimia presha, ile ya kuvaa mkononi juu ya kiwiko, na umpime nyumbani akiwa amepumzika. Akitoka tu mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga, hafai. Akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya shati. Asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Pima mara mbili, dakika 1 katikati. Mkanda mdogo kuliko mkono, au mkono unaoning'inia, hupandisha namba, naye akigundua hilo atakataa majibu yote. Mwache asome kioo na aandike mwenyewe kwenye daftari, asubuhi na jioni, siku 7. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi ni presha.

Kisha uliza maswali ya jana, usiulize ya tabia. "Unakula chumvi nyingi?" jibu lake ni hapana, siku zote. "Jana kwenye ugali na dagaa uliongeza chumvi mezani?" hilo lina jibu la kweli. Kiwango cha juu kwa siku ni kama kijiko kimoja cha chai, gramu 5, pamoja na iliyomo kwenye samaki wa chumvi. Muulize mkiwa wawili tu. Mbele ya vijana wa mtumbwi atajibu kishujaa.

Dawa usimwambie "asubuhi" tu. Mvuvi wa usiku asubuhi ndiyo anaanza kulala. Muulize mtoa dawa kama inafaa kuifunga kwenye mlo wa kurudi ziwani. Tarehe za kliniki ziombewe siku za mbalamwezi, wakati mitumbwi imepumzika, la sivyo atazikosa na dawa zitakwisha. Namba zikishuka atasema amepona na kuacha. Mwambie mapema, kabla hazijashuka, kwamba zimeshushwa na dawa na akiacha zitapanda tena.

Ikifika 180/120 na ana maumivu ya kifua, kichwa kikali, au mdomo na mkono vimelegea, achana na daftari. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.