Mzungu kasema vinywaji viko juu yake, nikamletea tishu

SWALI: Anko shikamoo. Mi ni weita kwenye mgahawa mmoja hapa Arusha, watalii wengi. Juzi mzungu mmoja kawaambia wenzake "drinks are on me", mi nikajua kamwagikiwa nikakimbia kuleta tishu, meza nzima ikacheka na mi nikacheka ili isiwe noma. Muvi naangalia tangu mdogo, za Lufufu karibu zote nimemaliza, mbona Kiingereza hakiingii?
Weita, Arusha

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole ila na mi nimecheka. Alikuwa anasema vinywaji vya leo nalipa mimi, basi. "On" unaijua na "me" unaijua, tatizo zikikaa pamoja zinageuka kitu kingine, sawa na mgeni aambiwe bosi wako ana mkono wa birika, si ataanza kumkagua mikono?

Sasa hizo za Lufufu, au za DJ Afro kwa wenzetu wa Kenya, ni tamu na mi nazipenda, ila pale unamsikiliza anayetafsiri, stelingi mwenyewe anaongea chini huko hata humsikii vizuri, kwaiyo miaka yote hiyo kibanda umiza umekula uhondo tu.

Chukua muvi ambayo stori yake unaijua tayari ili akili isihangaike na nani kamuua nani, kata kipande cha dakika mbili, na kwa kazi yako tafuta kipande chenye watu wanaokula mgahawani. Kwanza weka maandishi ya chini ya Kiingereza, sio ya Kiswahili, afu yatoe uandike kwenye daftari unachosikia hata kama ni ujinga, afu yarudishe uone ulipokosea, hapo ndo utagundua "gonna" ni "going to" iliyoliwa. Na macho yafanye kazi pia. Mtu anaongezewa kahawa, kaziba kikombe na mkono huku anasema "I'm good", hajisifii kuwa mtu mwema huyo, anasema inatosha asante. "Hold the onions" usiende kushika vitunguu, anataka usimwekee kabisa. "Keep the change" nadhani utaielewa bila mimi, chenji yako hiyo.

Kipande kimoja kikikuchukua wiki nzima poa tu.

Za polisi nazo zina faida. Ile "you have the right to remain silent", yaani una haki ya kukaa kimya, inarudiwa karibu vilevile kila muvi ya Marekani kwa sababu ilitokana na kesi ya Miranda kwenye Mahakama ya Juu kule, 1966, na "right" hapo ni haki, sio mkono wa kulia. "Freeze" pia sio mambo ya friji, ni simama hapohapo usitikisike. Mwaka 1992 huko Baton Rouge, Louisiana, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16 alikosea nyumba akienda pati ya Halloween, mwenye nyumba akampigia kelele ya "freeze", dogo akazidi kusogea, akapigwa risasi akafa, na wengi wanaamini hakulielewa lile neno.

Matusi ya stelingi yaache hukohuko kwenye muvi, usimpelekee mgeni mezani. Na huyo mzungu akirudi akasema tena "drinks are on me", tishu acha, bili mpelekee yeye.