Ndege ya Rimoti Haihitaji Sanda ya Selotepu

Msomaji mmoja wa Kakamega ameniandikia kwamba ndege yake, aliyoiunda kwa karatasi ngumu za foamu za kutengenezea mabango, inakataa kuondoka chini. Ameizungushia selotepu ya katoni kuanzia pua hadi mkia ili isivunjike. Ndugu yangu, kweli haitavunjika, maana haitaruka.

Na umenipata siku nzuri. Jumamosi, kwenye uwanja wa shule hapa Nakuru, yangu ilipaa, ikazunguka juu ya mikaratusi, ikatua kwenye nyasi ikiwa nzima. Shemeji yangu alikuwepo, yule aliyewahi kuniambia mbele ya watoto wangu kwamba kuku wake anaruka kuliko ndege yangu. Jumamosi alikuwa wa kwanza kuomba rimoti. Sikumpa.

Siri ni uzito. Nakuru mjini tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 17. Bawa lilelile na mota ileile, huku lazima ndege ikimbie zaidi ndipo ibebwe. Video nyingi tunazoiga zimepigwa nchi za chini, mtu anarusha kitu kizito na kinapaa tu. Usimwige.

Imarisha panapovunjika, basi. Bawa hukunjika katikati, kwa hiyo mimi hupasua rula ndefu ya mbao, ile ya walimu wa hisabati, nikailaza ndani ya bawa hadi karibu theluthi mbili ya urefu wake. Mkia unatosheka na vijiti vya mishikaki. Selotepu naiweka ukingo wa mbele wa bawa na tumboni, panapokwaruza ardhi. Mahali pa mota nabandika kipande chembamba cha plaiwudi. Kwingine kote, foamu tupu.

Gundi nayo ina mambo. Supaglu ya kawaida inaitafuna foamu ya polistirini mbele ya macho yako. Gundi ya moto inashika upesi, lakini ukiiacha ndege ndani ya gari juani inalainika na mota inaanza kuinama. Gundi nyeupe ya mbao ni nyepesi na haidhuru, ila inataka usiku mzima kukauka, na vijana wetu hawana usiku mzima. Hapo ndipo tunapoangukia! Mtu anakopa pesa anunue mota kubwa, lakini kungoja gundi ikauke hawezi. Nimewaambia hapa mtaani mpaka nimechoka.

Halafu pima mizani. Bawa likiwa na upana wa sentimita 20 kutoka mbele kwenda nyuma, ndege ikae sawa juu ya ncha za vidole vyako sentimita 5 au 6 kutoka ukingo wa mbele, betri ikiwa ndani. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele. Usiongeze vyuma puani, utarudi kulekule kwenye uzito. Na betri yenyewe ya lithiamu usiinyonye hadi chini ya volti 3 kwa kila seli, yaani kila kipande kimoja kinachounda betri; itavimba na utanunua nyingine.

Rusha asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaamka, mbali na watu na mbali na uwanja wowote wa ndege. Wa Kisumu na wa Lanet mnanielewa. Soma pia kanuni za KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, za vyombo visivyo na rubani kabla askari hajakusomea yeye. Kwanza irushe kwa mkono mota ikiwa imezimwa, juu ya nyasi ndefu, pua ikiangalia chini kidogo. Ikiinua pua kisha ikadondoka, sogeza betri mbele tena. Ikiteleza kwa mstari ulionyooka hadi kwenye nyasi, siku hiyo washa mota.