Amri Moja, Bei Mbili

Wiki jana dada mmoja wa Kisumu aliniandikia. Ameteuliwa kwenye kamati ya mji wao ya kujiandaa na magonjwa ya mlipuko, akaniuliza: "Mama, wewe ulikuwa Mathare wakati wa korona. Tuanzie wapi ili maskini wasiumie kuliko wengine?" Niliusoma ujumbe wake nikiwa kwenye foleni ya M-Pesa. Nikatabasamu, kisha nikapandwa na hasira, kwa sababu swali hilo nililingoja mwaka 2020 na hakuna aliyeniuliza.

Kwa wasionijua: mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, na kwa miaka mingi nilikuwa wa kujitolea, yaani wa bure. Nyumba ninazozihudumia ni mia moja na kitu, upande wa Bondeni, huko Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, na majirani huniita Daktari ijapokuwa shule niliiacha kidato cha pili. Mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa Kenya, Machi 13 2020, nilikuwa na daftari la kurasa 96, kalamu mbili na fulana iliyofubaa. Hizo ndizo silaha nilizopewa na jiji la watu milioni nne na zaidi.

Amri ya kwanza ilikuwa kunawa mikono. Sina ugomvi nayo, niliihubiri mlango kwa mlango. Kwenye mlango wa tisa au wa kumi, mama mmoja mwenye watoto watano alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia niingie. Chumba chao ni futi kumi kwa kumi, mabati pande zote. Akaweka mtungi wa lita 20 katikati, akaniambia, "Haya, tunawe jinsi unavyotaka, halafu uhesabu." Tukahesabu. Watu sita, mara nane kwa siku, nusu lita kila mara. Lita 24. Mtungi wetu kwa kawaida ulikuwa shilingi 5, lakini mwezi ule mifereji ilikauka na bei ikafika 20. Yule mama hata hakukasirika. Alisema tu, "Daktari, hiyo ni sukuma wiki ya jioni."

Nilitoka pale nimeshika daftari kama mtu aliyefumaniwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebeba amri bila kujua bei yake.

Kuanzia siku hiyo kila tangazo likitoka redioni nililipigia hesabu. Barakoa: ukikamatwa bila hiyo, faini ilikuwa hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Kaeni mbali mita moja: sensa ya 2019 inasema Mathare ina watu 206,564 kwenye kilomita tatu hivi za mraba, na Lang'ata, upande mwingine wa Nairobi, ina watu 197,489 kwenye kilomita 216, simba wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi wakiwa na sehemu yao humo humo. Mita moja ya Lang'ata wanayo tangu wazaliwe. Mita moja ya Bondeni ni lazima umtoe mtu nje.

Kafyu ilianza Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwenye nyumba yenye choo ndani, kafyu ni kulala mapema. Kwetu choo ni cha kulipia, kiko mbele ya ploti ya tatu, na usiku unapita njia ambayo askari wanaipita. Watu wakarudi kwenye ndoo, na asubuhi ndoo zikamwagwa mtaroni, kwenye mtaro ule ule ambao mchana nilikuwa nawaambia watoto wasiuguse. Kisha usiku wa Machi 30, mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi na polisi akiwa kwenye roshani ya kwao hapo Kiamaiko, akafa. Baada ya hapo mwanamke mwenye uchungu saa tano usiku hukuweza kumwambia "nenda hospitali". Nenda na nani? Boda boda gani? Namshukuru sana Dkt. Jemimah Kariuki, aliyeanzisha Wheels for Life mwaka ule: mama alipiga simu, akatumiwa gari bila malipo hata wakati wa kafyu. Yeye alitazama amri na kuuliza ni nani asiyeiweza. Ndiyo hiyo tu, jamani. Hakuna uchawi.

Ninaloliona chungu zaidi ni la mama fua. Ng'ambo ya Barabara ya Juja ni Eastleigh, na kila asubuhi wanawake wetu huketi kando ya ukuta wakingoja kuitwa kufua. Aprili walianza kufukuzwa, eti watu wa mabanda wataleta ugonjwa, ilhali ugonjwa uliingia nchini kwa ndege. Mei 6 Eastleigh ikafungwa kabisa, hakuna kuingia wala kutoka. Sikatai, huenda kwa hesabu ya virusi ilikuwa sawa. Lakini aliyefunga lango hakuuliza ni jiko la nani linazimika upande wa pili. Na kurudi mashambani haikuwezekana, maana Nairobi yote ilifungwa tangu Aprili 6.

Halafu watu wakaanza kunificha kikohozi. Mimi! Niliyewazalisha, niliyewafuatia dawa za TB! Sababu ilikuwa karantini: miezi ile ya mwanzo waliopelekwa huko walitozwa kwa siku, na habari zikafika mtaani kabla ya gari la wagonjwa. Mtu anayepata 400 kwa siku akipata kazi, umwambie akapimwe kisha alipie kitanda? Atakwambia ni vumbi la Juja. Mei serikali ilitangaza kwamba itabeba gharama hizo katika vituo vyake, lakini hofu ilikuwa imeshapanga nyumba kwetu.

Sasa nijisifu kidogo, maana hakuna mwingine atakayefanya hivyo. Pamoja na makeateka wawili, yaani wasimamizi wa nyumba za kupanga, na kijana fundi wa mabomba, tulichora ramani ya kila mfereji na kila choo kwenye eneo letu, kwa mkono, kwenye kurasa nne za lile daftari. Mapipa tuliyopewa na wasamaria tukayaweka kwenye njia ya kwenda chooni, badala ya barabarani ambako wafadhili hupenda yapigwe picha. Sabuni ilikuwa ikiibwa kila siku, tukaikata vipande, tukaitia ndani ya soksi na kuifunga kwenye koki. Haikuibwa tena. Nani ataiba soksi yenye maji? Vijana wa Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa kuwapa vijana vibarua, waliokuwa wakilipwa 455 kwa siku wakizibua mitaro, wakakubali kujaza mapipa asubuhi. Maji, soksi, na kijana anayelipwa.

Mwaka huo huo nilialikwa kwenye mkutano wa ofisi moja, hotelini, nikae kama "sauti ya jamii". Nilivaa gauni la harusi ya dada yangu. Nilipewa dakika tano mwisho wa kikao, zikawa mbili, nikaambiwa niache ramani "itafanyiwa kazi". Sijaiona hadi leo. Ripoti ilipotoka, picha yangu ilikuwa kwenye jalada, nikimnawisha mtoto mikono. Ndani, mapipa yamewekwa barabarani.

Kwa hiyo dada yangu wa Kisumu, na wewe mwingine unayesoma ukiwa kwenye kamati, sikiliza. Kabla hamjatoa amri, ipigieni hesabu kwenye chumba cha kumi kwa kumi. Maji yawe ya bure kabla ya kuwaambia watu wanawe. Kitanda cha karantini kiwe cha bure, na chakula cha aliyebaki nyumbani kiwepo, kabla ya kumwambia mtu apimwe. Mkifunga soko, siku hiyo hiyo pesa ziende kwa waliokuwa wakila hapo, kwenye simu zao, wala msiwakusanye uwanjani. Aprili ile watu walikanyagana Kibera wakigombea unga. Na chanjo zikija, msiziweke kwenye tovuti mkangoja bibi wa miaka sabini ajisajili. Wapeni wahudumu, sisi tunajua mlango wake.

Na walipeni wahudumu. Septemba 2023 tulipewa mikoba yenye kipima presha na ahadi ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti. Nilifurahi nikalia. Lakini mwaka wa kuhesabu lita 24 nilikuwa nikijinunulia kalamu.

Asubuhi hii dada wa Kisumu ameniandikia tena. Kamati yao ina watu kumi na tisa, mmoja tu ndiye anayeishi mtaa wa mabanda, naye ni mama fua. Mkutano wa kwanza ni Jumanne saa tatu asubuhi, na hakuna nauli. Nimemjibu wauhamishie saa kumi na moja jioni, huko huko kwenye mtaa wa yule mama, na wamlipe siku yake.